Digrii ya Mtandaoni: Amua Kabla Hujatuma Shilingi ya Kwanza

Jumapili moja usiku, saa tatu hivi, dada yangu mkubwa alinipigia simu kutoka Nakuru. "Mdogo wangu, hebu niongezee elfu moja. Nimebakisha kidogo tu nilipe usajili wa chuo, na wanafunga leo saa sita." Usajili ulikuwa shilingi 3,500. Chuo chenyewe kilikuwa cha mtandaoni. Jamaa aliyekuwa "akimsaidia" kwenye WhatsApp alikuwa amempa nambari ya simu ya kawaida, ati ndiyo ya ofisi ya karo.

Nikamwuliza swali moja tu: "Ukiweka hiyo nambari, jina linalotokea ni la nani?"

Akanyamaza, akaenda kuangalia. Lilikuwa jina la mtu binafsi. Hakutuma. Alipomwandikia yule jamaa asubuhi kumuuliza, akapata ameshablokiwa.

Lakini dada hakuwa amekosea kutaka digrii. Ana diploma ya biashara, ni keshia kwenye duka la jumla, ana watoto wawili. Mara mbili nafasi ya msimamizi imetangazwa pale kazini, na mara zote mbili ameambiwa wanataka mtu mwenye digrii. Kuhamia Nairobi miaka minne ili akae darasani hawezi. Kwa mtu kama yeye, kusoma kwa mtandao kunaweza kuwa njia ya pekee iliyobaki.

Tunapata maswali mengi kuhusu kulipa karo kwa simu. Leo tunarudi nyuma hatua moja, tuzungumzie uamuzi unaokuja kabla ya malipo: je, digrii ya mtandaoni inakufaa wewe? Chukua kalamu na karatasi, kwa sababu kuna hesabu.

1. Anza na swali la kazi, si la chuo

Watu wengi huanza kwa kutafuta chuo. Anza kwa kutafuta kazi unayoitaka. Tafuta matangazo kumi ya kazi hiyo, magazetini au mtandaoni, uandike kila moja inataka nini. Kama saba kati ya kumi yanasema digrii, umepata jibu. Kama mengi yanasema diploma na uzoefu, au cheti cha taaluma kama cha uhasibu, basi huenda digrii ya miaka minne si hatua yako ya kwanza.

Pia angalia aina ya kozi. Kuna masomo yanayokaa vizuri mtandaoni: biashara, uchumi, takwimu, kompyuta. Kuna mengine ambayo hayawezi kukamilika bila maabara, wodi au karakana. Huwezi kujifunza kudunga sindano kwa video peke yake. Ukiona mtu anakuahidi udaktari, uuguzi au uhandisi mtandaoni kwa asilimia mia, bila kukanyaga mahali popote, shuku. Kazi hizo zina bodi zake za usajili hapa Kenya, na bodi ndiyo itakayokuambia kama cheti chako kinakuruhusu kufanya kazi. Ualimu nao una mazoezi ya kufundisha, kwa hivyo panga muda wa kuwa shuleni.

2. Hakikisha cheti kitatambulika

Hapa ndipo pesa nyingi hupotelea. Hapa Kenya, Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, ile tunayoiita CUE, ndiyo inayoidhinisha vyuo vikuu. Ilianzishwa chini ya Sheria ya Vyuo Vikuu ya 2012. Tovuti yake ina orodha ya vyuo vilivyoidhinishwa na orodha ya kozi zilizoidhinishwa. Soma orodha zote mbili. Chuo kinaweza kuwa halali kabisa na bado kozi fulani isiwe kwenye orodha.

Kusoma kwa mtandao kwenyewe si jambo la kuonea aibu. Chuo Kikuu Huria cha Kenya, kilicho Konza, kilipewa hati yake tarehe 3 Agosti 2023, na kimejengwa kwa ajili ya kufundisha mtandaoni. Majirani zetu wa Tanzania wamekuwa na Chuo Kikuu Huria chao tangu miaka ya tisini. Vyuo vya zamani kama Nairobi na Kenyatta navyo vina masomo ya mbali. Kwa hivyo kama mtu atakuambia digrii ya mtandao ni digrii ya bandia, mwambie inategemea imetoka wapi.

Kama chuo ni cha nje ya nchi, una kazi ya ziada. Kabla ya kulipa, uliza CUE na pia KNQA, mamlaka inayosimamia mfumo wa kitaifa wa sifa za elimu, kama cheti hicho kitatambuliwa hapa. Uliza kwa barua pepe ili ubaki na jibu lililoandikwa. Mwaka wa 2015 gazeti la New York Times lilifichua biashara iliyokuwa ikiendeshwa kutoka Karachi, Pakistan, kupitia mamia ya tovuti za vyuo visivyokuwapo. Tovuti zilikuwa safi, picha za wanafunzi wanaotabasamu zilikuwapo, maprofesa walikuwapo kwenye video. Chuo ndicho hakikuwapo.

Na usidhani cheti kibovu kitapita bila kujulikana. Februari 2024 Tume ya Utumishi wa Umma ilitangaza kwamba ukaguzi umepata zaidi ya watumishi 2,000 wenye vyeti ghushi. Hata kama wewe ulidanganywa na hukukusudia kudanganya, mwajiri bado atakataa karatasi hiyo.

Kingine, angalia kama unafuzu kuingia. Kwa kawaida digrii inahitaji C+ ya KCSE, au upitie njia ya diploma. Chuo kinachokuambia "alama si hoja, tuma tu pesa" kimeshakuambia kila kitu unachohitaji kujua.

3. Angalia wiki yako kwa ukweli

Hili nalijua mwenyewe. Machi 2020, Covid ilipofunga vyuo, nilikuwa mwanafunzi. Tulirudishwa nyumbani, na baadaye masomo yakaanza tena kwa mtandao. Kwetu network ilikuwa inashika sehemu moja tu, chini ya mwembe nyuma ya zizi. Mvua ikinyesha, somo limekwisha. Lakini network haikuwa tatizo kubwa zaidi. Tatizo kubwa lilikuwa kwamba nyumbani hakuna anayeamini uko darasani. Ukishika simu unaonekana unacheza. "Wewe uko tu hapo, hebu kimbia dukani." Wenzangu kadhaa waliacha kuhudhuria kidogo kidogo, na hakuna mhadhiri aliyewaona wakipotea.

Ukweli wa kusoma mtandaoni ni huo: hakuna anayekusukuma. Uhuru wa kupanga saa zako ni mzuri, ila ni wewe peke yako unayezilinda.

Kwa hivyo chora wiki yako, Jumatatu hadi Jumapili. Weka kazi, safari, watoto, ibada, usingizi. Kilichobaki ndicho chuo chako. Mtu anayechukua masomo yote ya muhula ajitayarishe kwa saa 15 hadi 20 kwa wiki: kusikiliza, kusoma, kuandika kazi za kukusanya. Huwezi kuzipata? Usikate tamaa bado. Uliza chuo kama kinaruhusu kuchukua masomo machache kwa muhula na kulipia hayo tu. Utachukua muda mrefu zaidi, lakini utafika.

Kisha ongea na watu wa nyumbani kabla ya kujiandikisha. Mume au mke, mama, watoto, bosi kama inawezekana. Waambie saa zako za kusoma ni zipi. Bila wao, ratiba itakufa kufikia wiki ya tatu.

4. Piga hesabu nzima, si ya karo pekee

Hapa ndipo tulipokaa na dada jioni moja na kikokotoo. Karo ya muhula kwenye chuo alichokipata, cha halali safari hii, tuliikadiria shilingi 24,000. Akasema, "Hiyo naweza." Nikamwambia tuendelee kuandika. Hizi ni nambari zake, zako zitakuwa tofauti:

- Karo ya muhula: 24,000
- Usajili, kitambulisho na ada za mtihani: 3,000
- Data: masomo ya video saa 3 kwa wiki kwa wiki 14, yaani saa 42. Video inaweza kula karibu GB 1 kwa saa. Kwa shilingi 60 kila GB: 2,520
- Kuchapisha na saiba: 1,000
- Nauli ya kwenda kituo cha mtihani na kurudi, safari 2 za 1,200: 2,400
- Laptopu ya mtumba ya 24,000, ikigawanywa kwa mihula 8: 3,000
- Siku 5 za mtihani bila mshahara, 800 kwa siku: 4,000

Jumla: shilingi 39,920 kwa muhula.

Umeona? Ile "24,000" imeongezeka kwa karibu 16,000. Hakuna aliyemficha. Ni vile tu gharama hizo haziandikwi kwenye karatasi ya karo, na ndizo zinazowashinda watu katikati ya muhula.

Sasa gawanya. Mihula miwili kwa mwaka maana yake muhula mmoja una wiki 26 za kuuwekea akiba. 39,920 kwa 26 ni karibu shilingi 1,540 kwa wiki, au shilingi 220 kwa siku. Kwa mihula 8 ni shilingi 319,360. Andika nambari zako hizi nne: ya muhula, ya wiki, ya siku, na ya digrii nzima. Ile ya digrii nzima ndiyo watu huogopa kuiandika, na ndiyo muhimu zaidi. Mtu aliyefika mwaka wa pili na kuacha hana nusu ya digrii ya kumwonyesha mwajiri. Ana stakabadhi tu.

Kuhusu laptopu: ndiyo, simu inatosha kusikiliza na kusoma. Lakini jaribu kuandika kazi ya kurasa kumi kwa simu yenye kioo kilichopasuka. Kama huwezi kununua sasa, tafuta maktaba au saiba iliyo karibu, uweke gharama yake kwenye hesabu.

5. Pesa itatoka wapi?

Akiba, chama, mwajiri, familia, mkopo wa elimu. Zote ni sawa ikiwa umepanga. Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, HELB, hutoza wanafunzi wa digrii riba ya asilimia 4 kwa mwaka. Uliza HELB na chuo chako kama wewe na kozi yako mnastahili, na uulize mapema.

Kitu ambacho hatutakushauri, ingawa sisi tuko kwenye biashara ya pesa za simu, ni kulipa karo kwa mkopo wa simu wa mwezi mmoja. Mikopo hiyo ni ya shida ndogo ya siku chache. Tazama mfano: ukikopa 20,000 kwa ada ya asilimia 8 kwa mwezi, unalipa 1,600 kila mwezi. Ukiuzungusha miezi sita umelipa 9,600, na bado deni la 20,000 liko pale pale. Kwa asilimia 4 kwa mwaka, miezi hiyo sita ingekugharimu 400.

Harambee pia ina mtego wake. Watu watakuchangia muhula wa kwanza kwa furaha. Wa pili watachelewa. Wa tatu simu hazitashikwa. Kama unafanya harambee, itumie kwa kitu cha mara moja, kama laptopu na usajili. Karo ya kila muhula itoke kwenye chanzo kinachojirudia.

6. Jaribio la wiki nane

Hili ndilo zoezi la leo, na halina gharama. Kabla ya kujiandikisha popote, ishi kama mwanafunzi kwa wiki nane.

Kwanza, kila wiki weka ile pesa yako ya wiki kwenye akiba iliyofungwa, usiyoweza kuitoa kirahisi. Weka siku ile ile unayopokea pesa, kabla haijaanza kuitwa majina.

Pili, kaa chini zile saa ulizopanga. Kuna kozi nyingi za bure mtandaoni. Chagua moja inayokaribiana na unachotaka kusoma, uifuate kwa ratiba, uandike na maandishi.

Kila Jumapili weka alama mbili tu: pesa iliingia au la? Saa zilitimia au la?

Dada alifanya hivyo. Alikuwa amepanga kusoma saa tatu usiku, watoto wakilala. Wiki ya kwanza na ya pili alilala juu ya daftari. Wiki ya tatu akahamisha saa zake hadi saa kumi na nusu alfajiri, na hapo ikashika. Kwa upande wa pesa, wiki sita zilitimia na mbili zikakosa, kwa sababu shule ya watoto ilitaka pesa ya mtihani na bei ya gesi ikamshtua. Akawa na 9,240 badala ya 12,320.

Je, alishindwa? Hapana. Alijua kitu ambacho hakukijua mwanzoni: uwezo wake halisi ni wastani wa shilingi 1,155 kwa wiki, si 1,540. Akarudi kwa chuo akauliza kama anaweza kuchukua nusu ya masomo. Wakamkubalia. Gharama ikashuka hadi karibu 1,000 kwa wiki, na zile 9,240 zikawa mwanzo wa karo yake.

Na kama jaribio lingeonyesha haiwezekani kabisa mwaka huu? Angekuwa na akiba mkononi na ujuzi kidogo wa bure, bila deni la chuo. Kuahirisha si aibu.

7. Ukishaamua, lipa hivi

- Chukua nambari ya Paybill kutoka tovuti rasmi ya chuo au barua ya kukubaliwa. Usiichukue kwenye WhatsApp, Facebook au kwa "ejenti".
- Karo haitumwi kwa nambari ya mtu binafsi. Hata akisema yeye ni mhasibu. Hata akikutumia picha ya kitambulisho chake.
- Kwenye nafasi ya akaunti, andika nambari yako ya usajili jinsi ilivyo, na mikwaju yake yote. Kosa la herufi moja linaweza kuipeleka pesa yako kwa mwanafunzi mwingine.
- Soma jina linalotokea kabla ya kuweka PIN. Likiwa si la chuo, acha hapo hapo.
- Hifadhi ujumbe wa malipo, kisha angalia akaunti yako ya mwanafunzi baada ya siku moja au mbili. Kama pesa haijaonekana, peleka nambari ya muamala kwa ofisi ya fedha ya chuo.
- Anayekuharakisha, "nafasi zinaisha leo usiku", mpe jibu moja: nitalipa kesho asubuhi. Chuo cha kweli kitakuwapo kesho.

Maswali mnayotuuliza

*Niko na digrii ya mtandaoni kutoka chuo kilichoidhinishwa. Mwajiri atanidharau?* Wengine bado wana shaka. Ukienda kwenye mahojiano, beba kazi uliyofanya: mradi, ripoti, hesabu za biashara. Mwambie pia ulisoma huku unafanya kazi.

*Nimelipa na kumbe nimetapeliwa. Nifanyeje?* Piga simu kwa huduma ya wateja mara moja. Ukichelewa pesa hutolewa. Kisha ripoti polisi ukiwa na ujumbe wa muamala. Na usimlipe mtu anayekuambia atakurudishia pesa kwa ada kidogo. Huyo ni tapeli wa pili.

*Nina miaka 41. Nimechelewa?* Rudi kwenye hatua ya kwanza. Kama digrii itakufungulia kitu unachokitaka katika miaka uliyobakisha kazini, hujachelewa. Kama hesabu haifungi, kozi fupi inaweza kukufaa zaidi.

Dada sasa yuko muhula wa tatu. Ile nafasi ya msimamizi bado hajaipata, na sitakudanganya kwamba digrii itamletea mezani. Lakini kila Ijumaa jioni akipokea mshahara wa wiki, hunitumia ujumbe wa neno moja: "Imeingia." Najua ni akiba ya karo. Na kila muhula unapofika, huwa hanipigii simu saa tatu usiku.

Wewe nawe, anza wiki hii. Andika zile nambari nne, fungua akiba, na weka alama yako ya kwanza Jumapili.